Meza Mbili, Kitambaa Kimoja

Aganetha Wiebe aliweka kalamu chini, akakunja mikono kifuani, akamwambia mwalimu kwamba hatungi hadithi ng'o.

"Nimekuja kujifunza Kiingereza cha daktari na cha dukani," alisema. "Kusema uongo sikuja kusomea."

Wenzake walicheka, kisha wakaona haya, maana na wao waliwaza hivyohivyo. Wote walikuwa Wamenoniti, Wakristo wa dhehebu la kale, waliohamia Ontario, Kanada, kutoka makoloni, yaani vijiji vyao wenyewe, kule Meksiko, waliolelewa kwa Kijerumani cha nyumbani na kwa Biblia, na kwao jambo ambalo halikutokea lina jina moja tu. Mbele kabisa aliketi Justina Fehr, mke wa mhubiri. Alitikisa kichwa taratibu kuonyesha kwamba Aganetha kasema kweli, na Justina akishatikisa kichwa, nani wa kubisha?

Mwalimu Helena Dyck hakushtuka. Naye alizaliwa kwenye koloni, akapigwa na jua lilelile.

"Aganetha, wewe huota?"

"Naota kama watu wote."

"Umewahi kuruka angani?"

Aganetha alisita. "Juzi tu. Niliruka juu ya mabanda ya vioo ya kulimia nyanya, gauni limejaa upepo. Vioo vyote vinang'aa kule chini."

"Kumbe! Mwongo mkubwa wewe!"

Darasa zima likaangua kicheko. Aganetha alijikaza asicheke, akashindwa.

"Ile sikuitunga, mwalimu. Ilinijia yenyewe."

"Basi subiri nyingine ikujie, uiandike. Nataka mambo mawili tu: mtu anayetaka kitu, na kinachomzuia asikipate."

Jamani, mtu anayetaka kitu! Kana kwamba yupo duniani asiyetaka. Aganetha alikuwa anamtaka mdogo wake, basi. Tina alitengwa na kanisa alipoolewa na mtu wa nje, na aliyetengwa haketi meza moja na waumini. Ukila naye meza moja, na wewe unatolewa. Kutengwa huko kulimpata hata kijana mkubwa wa Justina, Pita, na tangu aondoke hakuna aliyethubutu kumtaja mbele ya mama yake. Sasa Tina alikuwa amepiga simu. Anapita Ontario, Jumapili atakuja kwa faspa, ile kahawa ya alasiri. Aganetha alifurahi hadi akalia, kisha akashikwa na hofu. Atamkalisha wapi? Akimweka pembeni, atakuwa amemfukuza mara ya pili. Akimweka mezani, atapoteza kanisa, na majirani, na hawa wanawake anaocheka nao hapa.

Joto la Julai lilikuwa limetanda, feni inazunguka kama imelewa usingizi. Aganetha aliinama kwenye karatasi, na ndoto ikaja akiwa macho. Nyumba ya udongo kwenye uwanda wa Chihuahua kule Meksiko, mlango wazi, vumbi la dhahabu likielea sebuleni. Meza mbili zimesogezwa karibu, zimeachwa mbali kidogo, upana wa kiganja tu, na juu yake kitambaa kimoja kirefu cheupe kinaficha ule mwanya. Mwanamke mwenye nywele fupi anaingia. Anaketi meza ndogo. Wengine wanaketi meza kubwa. Kahawa imemiminwa, na hakuna anayekunywa.

Hapo ndoto ikagoma. Aliandika, akafuta. Akiwasogeza watu, kitambaa kinadidimia kwenye mwanya. Akiwasemesha, midomo inafunguka na sauti haitoki. Alifuta hadi karatasi ikatoboka.

"Mwalimu, wamekaa tu," alinong'ona. "Wamekaa, wamekaa! Sijui niwafanyeje."

Helena alisoma akiwa amesimama nyuma yake. "Hadithi ikikwama, usiwasukume watu palepale ilipokwama. Wahamishe. Wapeleke mahali pengine uone watafanya nini."

Jumapili ikafika. Aganetha alikaanga rolkuken, yale maandazi membamba yanayoliwa na tikiti maji, akapanga meza mbili kama alivyoziota. Alinyoosha kitambaa mpaka mwanya haukuonekana. Abram, mumewe, alimtazama, akashusha pumzi.

Tina aliingia na suruali yake na nywele zake fupi, ananuka vumbi la safari. Walikumbatiana mlangoni hadi Abram akaenda kuangalia kuku ambao hawakuwa na shida yoyote. Kisha Tina akaziona meza. Alipitisha mkono juu ya kitambaa, polepole, na kidole chake kikazama mahali penye mwanya.

"Usijali, dada," alisema kwa upole. "Mimi nitakaa huku."

Upole ule ndio uliomchoma Aganetha. Heri angetukanwa! Waliketi. Kahawa ikamiminwa. Hakuna aliyekunywa. Aganetha alihisi amewahi kuwa hapa, kwenye mwanga huuhuu na vumbi hilihili, na alijua kabisa hatua inayofuata haipo. Alikuwa ameitafuta hadi karatasi ikatoboka.

Wahamishe.

Alisimama, akabeba sinia la tikiti. "Haya! Wote nje!"

"Nje wapi?" Abram aliuliza. "Kule hakuna meza."

"Ndiyo maana!"

Walisimama uani kati ya mashuka yaliyoanikwa, mashuka yanapanda na kushuka, na jua linapita ndani yake kama maziwa. Tina aliuma tikiti, maji yakamtiririka hadi kwenye kiwiko. Aganetha naye akauma.

"Bado hujui kutema mbegu wewe!" Tina alimcheka.

"Nyamaza, nakupa nafasi tu."

"Nafasi gani! Tangu utoto hujawahi kunishinda!"

Walitema mbegu na kusukumana kama wasichana, wakala na kulia, bila kujua machozi ni yapi na maji ya tikiti ni yapi. Abram alisimama mlangoni muda mrefu. Mwishowe akatoka na sahani ya rolkuken, akashika kipande cha tikiti, akala wima.

Kipindi kilichofuata Aganetha aliisoma hadithi yake yote, kwa Kiingereza kilichochechemea, hadi kwenye mashuka na mbegu. Alipomaliza, Justina Fehr aligeuka.

"Aganetha. Hii ilitokea kweli?"

Wanawake waliinamisha vichwa. Aganetha alimtazama mke wa mhubiri usoni.

"Hii ni hadithi, Justina. Uongo mtupu."

Justina hakutikisa kichwa, wala kukubali wala kukataa. Alitazama mikono yake. Aliponyanyua uso, sauti yake ilikuwa imeshuka sana.

"Na tikiti, kwenye huo uongo wako, lilikuwa tamu?"

"Tamu, Justina. Tamu sana."

Justina alivuta karatasi yake, ambayo tangu mwanzo ilikuwa nyeupe, akamwomba mwalimu kalamu.