Piko la Mwenyekiti wa Vijana

Mwenyekiti wa vijana wa chama alikuwa kijana tangu mpwa wake msusi hajazaliwa. Kilichomshikilia katika ujana huo ni piko. Kila ukikaribia mkutano mkubwa aliingia saluni ya mpwa huyo kwa mlango wa nyuma, akapakwa kichwa na masharubu, akatoka mweusi ti hata paka wakampisha njia.

Jumamosi hiyo alikuja na rasimu ya ilani ya vijana, inayokwenda kwa mchapaji jioni ile ile.

"Soma, mpwa wangu, ufurahi."

Msusi aliisoma huku akikoroga piko. Ukurasa baada ya ukurasa vijana watawezeshwa, watahamasishwa, watashirikishwa. Nani atafanya nini, hakuna.

"Mliwauliza vijana gani, mjomba?"

"Tuliitisha kikao Jumanne asubuhi. Hawakuja. Vijana wa siku hizi hawana mwamko."

"Jumanne asubuhi tulikuwa kazini."

"Basi mngeomba ruhusa."

Msusi aliendelea kukoroga piko. Siku ile alikuwa na kichwa cha bibi harusi mikononi, na alilotaka kulisema kikaoni, kwamba vikao viwekwe saa ambazo watu wametoka kazini, alikuwa bado hajapata pa kulisemea. Akaapa moyoni kwamba rasimu hii haitoki saluni kama ilivyoingia. Akampaka mjomba piko, akamfunga taulo shingoni, akamvika mfuko wa nailoni kichwani. Kisha akafungua mlango wa mbele na kuwaita majirani zake: mchomeleaji vyuma, na dada wa duka la simu mwenye mtoto mgongoni.

"Shikamoo, mwenyekiti wa vijana," mchomeleaji alisema.

Mwenyekiti alitafuta pa kuificha shikamoo hiyo, akakosa. "Marahaba. Mpwa wangu, ni nini hiki?"

"Kikao, mjomba. Ulisema hatukuja."

Mwenyekiti aliinuka. Dirishani akamwona katibu wa chama anakatiza barabara. Akaketi upesi.

"Mageti ya nusu ya mtaa huu nimechomelea mimi," mchomeleaji alianza. "Nimefundishwa na fundi, cheti sina, na kazi za halmashauri wanataka cheti. Andikeni kwamba chama kitadai mtihani wa sisi tuliojifunza kazini. Watupime kwa geti."

"Limo hilo. Mtawezeshwa."

"Nikiwezeshwa nitajuaje, mzee? Nitasikia mwili unawasha?"

Dada wa simu alicheka, kisha akasema lake: mafunzo ya bure yapo, lakini wenye watoto wanarudishwa mlangoni. Pawepo chumba cha watoto. Mwanawe alikuwa ameshaifikia rasimu na anatafuna ukurasa wa kushirikishwa.

"Ilani ina lugha yake," mwenyekiti alisema. "Mageti na nepi haviingii."

"Basi na mimi sikuoshi," msusi alisema.

"Kichwa kinawasha."

"Ndiyo umeanza kuwezeshwa," mchomeleaji alimwambia.

"Nitakushtaki kwa mama yako."

"Piko kanunua mama." Msusi alisogea akasimama kati yake na kioo. "Mjomba, ningetaka kukuaibisha ningemwita katibu. Nataka uandike walivyosema, kwa maneno yao, na wajumbe wa mkutano wakiuliza, wajibu hawa wenyewe. Hilo tu. Sibanduki hapa."

Mjomba alimtazama. Alimjua tangu anatambaa, akishika kitu hanyang'anywi. Akaomba kalamu.

Aliandika mwanzo kwa kununa, kisha akaanza kuuliza: mtihani asimamie nani, chumba kikae wapi. Msusi alipomvuta kwenda kwenye beseni, akainua mkono. "Ngoja. Huyu hajamaliza."

Ndiyo maana piko lilipitiliza. Paji la uso na masikio vilikaa vyeusi wiki nzima. Wanaosema mto aliolalia nao uligeuka mweusi ukajiunga na chama wanaongeza chumvi, ingawa si nyingi.

Kwenye mkutano mkuu, mjumbe mmoja aliinuka na ilani iliyochapwa. "Mageti yameingiaje humu?"

"Muulizeni mwenye mageti," mwenyekiti alisema, akaketi na masikio yake meusi.

Mchomeleaji akasimama, akaongea kama anayepiga nyundo. Msusi, aliyefunga saluni siku nzima, alisogea karibu na kipaza sauti. Zamu yake ilikuwa inafuata, na swali lake la kwanza lilikuwa kuhusu Jumanne.