Jembe Ndani ya Lambo

Hakuna jambo lililomkera Mwalimu Kaleb katika uzee wake kama kikao kilichoitishwa saa tisa kikaanza saa kumi na nusu. Alikuwa amefundisha shule za msingi tangu ujana wake hadi kustaafu, na alipojenga nyumba Kwamndolwa, pembezoni mwa mji wa Korogwe, kanisa likamkabidhi ulezi wa vijana. Alipokea kazi hiyo kama alivyopokea kazi zote, kwa kuwahi, tena na suruali iliyopigwa pasi. Siku hiyo alikaa kwenye benchi la mbele, fimbo katikati ya magoti, akawatazama vijana wakiingia mmoja mmoja, vichwa vimeinamia simu, wakicheka kana kwamba waliitwa harusini.

Walikuja kupanga shughuli za likizo ya mwezi wa sita. Mechi dhidi ya vijana wa Makuyuni ilipitishwa bila mjadala. Matembezi ya Hale, kwenda kutazama mitambo ya umeme, yalipitishwa kwa vigelegele. Ilipofikiwa safari ya misheni, ambayo kwa maoni ya Mwalimu ndiyo iliyostahili kuanza, mabishano yakazuka juu ya rangi ya fulana.

"Wengi wanataka zambarau," alisema Richard, mwenyekiti wa vijana, kijana mrefu mwenye maneno mengi. "Ila bluu ndiyo inatoka vizuri kwenye kamera, Babu."

"Mtume Paulo alivaa fulana ya rangi gani alipokwenda Makedonia?"

"Paulo hakuwa na wafuasi mtandaoni, Babu."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hata Raheli, mjukuu wake, aliyekuwa katibu wa vijana, alifunika mdomo kwa kiganja. Mwalimu alimwona, akaumia. Maana binti huyo ndiye aliyekuwa fahari yake. Alikuwa amemaliza kidato cha sita, akisubiri matokeo, na aliposoma somo kanisani siku ya Jumapili wazee walinyoosha shingo ili wasipitwe na neno. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyemfundisha kusoma, sebuleni, kabla hajafikia umri wa kuandikishwa shule.

Akasimama. "Mwaka jana mlikwenda mkaimba, mkapikiwa wali, mkarudi. Hiyo si misheni, hiyo ni sherehe. Mwaka huu tutafanya kazi. Kijiji cha Kwedimkuyu, kule Handeni, kina lambo moja tu la kukinga maji ya mvua, nalo limejaa tope. Tutakwenda kulichimba. Mwislamu atateka, Mkristo atateka, na ng'ombe atakunywa. Hiyo ndiyo injili ya kushikika kwa mkono."

Hakuna aliyebisha. Kwa hakika, neno hilo liliwaingia, na Richard mwenyewe alipiga makofi. Mwalimu Kaleb alirudi nyumbani akiwa na furaha ambayo hakuiruhusu ifike usoni.

Kijiji hicho alikijua. Alifundisha huko miaka yake ya mwanzo kazini, na mwenyekiti wa kitongoji wa sasa, Mzee Athuman, alikuwa mwanafunzi wake. Alimpigia simu jioni ile ile akamweleza mpango.

"Mwezi wa sita maji yapo, Mwalimu," alisema Athuman.

"Vizuri sana. Vijana hawatapata shida ya kunawa."

Simu ikawa kimya kidogo. "Karibuni, Mwalimu. Karibuni sana."

Mwalimu aliulaumu mtandao kwa kukatakata, akaandika tarehe kwenye kalenda.

Siku ya safari ilimtesa. Basi dogo la kukodi lilichelewa, fulana zilichelewa zaidi, na lilipokuwa tayari kuondoka aligundua kwamba spika mbili kubwa zimekalia mahali pa machepe. Aliamuru spika zishushwe. Richard alizishusha moja, nyingine akaifunika kwa mkeka. Njia nzima waliimba, na kila waliposimama walipiga picha. Mwalimu alikaa mbele karibu na dereva, akihesabu moyoni muda uliopotea.

Kwedimkuyu waliwapokea kwa heshima kubwa. Athuman, mzee sasa, ndevu nyeupe na kofia ya kushona kwa mkono, alisimama mbele ya mwalimu wake mikono ikiwa nyuma, kama alivyosimama darasani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Athuman. Umezeeka."

"Nimekufuata wewe, Mwalimu."

Vijana wa kiume walipewa darasa la chekechea wakalala humo, wasichana wakagawanywa kwenye nyumba za jirani, Raheli na wenzake wawili wakapangiwa kwa Athuman na mkewe, Bi Zuena. Mwalimu alipewa chumba cha mbele cha nyumba hiyo hiyo, na kitanda ambacho bila shaka kilikuwa cha mwenye nyumba.

Baada ya chakula Athuman alisogeza kigoda. "Mwalimu, nilikuwa nafikiri. Vijana hawa wana nguvu. Lambo letu linaharibiwa na ng'ombe, wanaingia mpaka katikati. Tukikata miiba tukazungushia, tukawaachia ng'ombe upande mmoja tu, tutakuwa tumesaidika sana."

"Hilo mtalifanya wenyewe baadaye. Sisi tumekuja kutoa tope."

"Tope, ndiyo. Tope lina wakati wake."

"Wakati wake ni kesho, saa moja kamili."

Athuman alitazama mikono yake. "Labda tungesubiri kidogo, Mwalimu. Tuzungumze na wenzetu."

Mwalimu alijua maneno ya namna hiyo. Aliyasikia maisha yake yote kutoka kwa wazazi ambao watoto wao hawakuja shule: labda, kidogo, tungesubiri. Kwa miaka mingi aliamini kwamba nchi hii ingefika mbali kama neno "labda" lingefutwa. "Kesho, saa moja," alirudia, naye Athuman akasema, "Haya, Mwalimu," akaenda kuswali.

Asubuhi Raheli alimwendea uani akiwa amejifunga khanga ya Bi Zuena. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Babu, naomba nikwambie jambo. Bi Zuena anasema lambo halichimbwi sasa. Wanachimba maji yakishakauka, kabla ya mvua za vuli. Sasa hivi yapo, ndiyo maji wanayotegemea mpaka mwezi wa kumi. Anasema hata mtoto haruhusiwi kukanyaga mle."

"Nilizungumza na mwenyekiti kwa simu. Hakuniambia hivyo."

"Huenda aliona vibaya kukukatalia, Babu. Wewe ni mwalimu wake."

"Mtu mzima mwenye kitu cha kusema hukisema." Alichukua fimbo yake. "Na wewe ni katibu wa vijana wa kanisa, au umekuwa msemaji wa kitongoji?"

"Babu, sisi kwetu Korogwe maji yanapita mtoni. Ukiyachafua saa hii, saa ijayo yamekuja mengine. Haya hapa hayaendi popote."

"Raheli. Saa moja inakaribia."

Raheli alikuwa amelelewa kunyamaza kwa amri hiyo, naye akaenda kuchukua karai.

Lambo lilikuwa bonde pana lililochimbwa kwenye udongo mwekundu, maji yake yametulia, juu yameakisi mawingu. Yalikuwa maji machache kuliko Mwalimu alivyotarajia, na kweli ukingo wa chini ulikuwa tope tupu lenye alama za kwato. Vijana walisimama kwenye ukingo na fulana zao za bluu, wakisitasita. Richard alimtazama Raheli, Raheli akatazama chini.

Kusitasita huko ndiko kulikomkera Mwalimu kuliko yote. Aliketi, akavua viatu, akaingiza soksi ndani yake kwa utaratibu, akakunja suruali, akatwaa jembe mkononi mwa Richard, akaingia majini. Maji yalimfika magotini. Akapiga jembe.

"Babu noma!" mmoja alipaza sauti, na hapo wote wakajitosa, wavulana na wasichana, kwa kelele na wimbo, machepe yakipanda na kushuka. Tope lilitolewa, halikukosa kutolewa. Karai baada ya karai lilimwagwa ukingoni, na kwa muda ambao baadaye alitamani kuusahau, Mwalimu Kaleb alikuwa mtu mwenye furaha. Alianguka mara moja, akainuka akiwa ametapakaa udongo hadi kifuani, akacheka pamoja nao. Mtu alirekodi.

Wimbo ulikatika ghafla. Mwalimu aligeuka aone kwa nini.

Wanawake walikuwa wamesimama juu ya ukingo na ndoo zao. Bi Zuena alikuwa mbele. Walikuwa wakitazama maji. Ndipo naye akayatazama maji aliyosimama ndani yake, akaona kwamba hayakuwapo tena maji. Kulikuwa na uji mwekundu, mzito, kuanzia kwenye miguu yake mpaka ng'ambo ya pili.

Bi Zuena aligeuza ndoo yake, akaiketia.

"Yatatulia lini, Mama?" Mwalimu aliuliza kutoka mle ndani.

"Udongo huu, Mwalimu, ukivurugwa, hukaa majini."

"Hukaa kiasi gani?"

"Hukaa," alisema Bi Zuena.

Vijana walitoka mmoja mmoja, wakijifuta tope. Athuman alikuja na wazee wengine wawili. Mwalimu alijipanga mbele yao, peku, suruali imekunjwa, akasema alichopaswa kusema, kwa Kiswahili kilichonyooka kama alivyofundisha wengine kusema: kwamba amri ilikuwa yake, kwamba vijana walimtii tu, kwamba amewakosea watu wa Kwedimkuyu katika jambo kubwa, na kwamba anaomba radhi. Kisha akasubiri.

"Ahsante, Mwalimu," alisema mzee wa kwanza. "Mmetoka mbali kwa ajili yetu."

"Nia yenu tumeiona," alisema wa pili.

"Poleni na kazi," alisema Athuman.

Mwalimu alimtazama usoni mmoja baada ya mwingine, akitafuta hasira. Wangempigia kelele, angejua pa kusimama. Wangemtoza faini, angeilipa. Walichompa ni shukrani, naye hakuwa na mfuko wa kuiweka.

"Athuman, niambie ukweli. Watu watakunywa nini?"

"Kuna kisima kitongoji cha pili. Maji yake yana chumvi, lakini hupika ugali. Usijali, Mwalimu. Karibu upumzike."

Hakupumzika. Alikaa kwenye kigoda uani, tope likimkaukia mwilini na kupasuka kila alipokunja goti, akawatazama wanawake wakiondoka na vijana wake nyuma yao wamebeba madumu. Hakuna aliyemwomba ruhusa. Richard alikuwa amebeba mawili, moja kila mkono, na alipopita alisema, "Tunaenda, Babu," kwa upole uleule wa wazee, naye Mwalimu akatamani kijana huyo angemtania.

Walirudi jua likielekea kuzama. Raheli aliitua ndoo kando ya jiko, khanga imelowa mabegani, shingo imekakamaa. Mwalimu aliinuka.

"Raheli."

"Naam, Babu."

"Uliniambia."

"Nilikwambia, Babu." Hakuinamisha macho. "Kesho tunakata miiba. Nimeshapanga na Richard na Mzee Athuman. Wewe ukiweza, utaonyesha wale wadogo namna ya kushika panga wasijikate."

Aliitika kwa kichwa. Katika maisha yake yote hakuwahi kupangiwa kazi na mtoto, na hakuona pa kuanzia kukataa.

Bi Zuena akatokea ndani na ndoo inayotoa mvuke, akaitua mbele yake kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo. "Maji ya kuoga, Mwalimu."

Aliinama kutazama. Maji yalikuwa maangavu kabisa. Sakafu ya ndoo ilionekana.

"Haya yametoka wapi?"

Bi Zuena alisogeza kopo karibu na ndoo.

"Si ya kisimani. Ya kisimani nimeyaona, yana weupe wa maziwa. Mama, haya yametoka wapi?"

"Kwenye mtungi," alisema Athuman kutoka mlangoni. "Tuliyateka juzi, kabla hamjafika."

"Yamebaki mangapi?"

"Hayo."

Mwalimu Kaleb alijinyoosha, udongo ukamwanguka vipande vipande miguuni. "Wapeni watoto wanywe. Mimi nitalala hivi hivi. Nimestahili. Siwezi kuoga maji ya mwisho ya watu niliowaharibia maji, na hilo ndilo neno langu la mwisho."

Athuman alishuka kizingitini. Mikono yake haikuwa nyuma tena. Alisimama karibu sana, na aliposema, sauti yake haikuwa na labda hata moja.

"Mwalimu. Jana tulikwambia usubiri, ukaingia. Leo nimepita kutwa watu wakiniuliza kwa nini sikukuzuia, nami sina jibu la kuwapa. Mgeni wangu hatalala na tope ndani ya nyumba yangu. Sasa tunakwambia uoge."

Hakuna aliyewahi kumsemesha hivyo tangu baba yake afariki. Mwalimu alimtafuta Raheli kwa macho, kana kwamba yeye angemtetea. Raheli alikuwa ameshika sufuria, anamtazama, anangoja aone atafanya nini.

Alishika mkono wa ndoo. Ilikuwa nzito. Aliibeba mwenyewe hadi bafuni, uzio mdogo wa miti na magunia nyuma ya nyumba, akavua, akasimama juu ya jiwe bapa. Alikusudia kujipangusa kidogo tu na kuyarudisha mengine kimya kimya. Lakini nje ya magunia alisikia kandambili zikisimama, kisha kikohozi kikavu, kikohozi cha msimamizi wa mtihani ambaye haendi popote.

Akachota kopo la kwanza, akajimwagia kichwani. Maji mekundu yakatiririka kati ya vidole vya miguu yake na kutoweka ardhini. Akachota la pili, na la baada ya hilo, na Athuman akiwa bado amesimama pale nje, hakuacha mpaka kopo lilipogonga sakafu ya ndoo.