Tawi Lisilo na Ndugu

Wivu ninao, na sioni haya kuusema. Miaka kumi na tisa nimewafuga bakteria katika maabara hii, nikawajua kwa rangi, kwa harufu, kwa jinsi wanavyojipanga chini ya hadubini. Kila chupa iliyomo kwenye friji kubwa ina kibandiko nilichoandika mimi: huyu wa ukoo huu, yule wa ukoo ule. Halafu akaja mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, niliyembeba mgongoni mimi mwenyewe, na shahada yake na mashine ya kusoma vinasaba. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Mimi ndiyo kwanza nikaanza kuugua.

Maana huyu hana haja ya rangi wala harufu. Anawachukua bakteria wangu, anawapasua, anasoma herufi za kinasaba kimoja ambacho kila bakteria anacho, kisha anazilinganisha. Wanaofanana herufi nyingi ni ndugu wa karibu. Wanaotofautiana sana waliachana zamani. Kompyuta inachora mti wa ukoo, tawi kwa tawi. Mwezi wa kwanza tu alihamisha chupa zangu kumi na nne. Wale niliowaweka pamoja kwa sababu wote ni wa njano na wa duara, kumbe hata hawajuani. Alibandua vibandiko vyangu kwa adabu zote, samahani dada, samahani dada, kimoja kimoja. Heri angenitukana.

Mkuu wa maabara naye, aliyekuwa akiniita Mama Maabara, sasa akiingia ananipita hadi kwenye mashine. Roho iliniuma, jamani. Nikawa namwita mdogo wangu Profesa, naye anacheka akidhani namtania.

Basi akaletwa bakteria mmoja kutoka mfereji wa kiwanda cha maziwa. Kazi ya kusafisha ni yangu: unamchota kwa kitanzi cha waya, unamtandaza kwenye sahani, unangoja aote, unachagua kidoa kimoja kilichokaa peke yake, unarudia. Ukifanya mara tatu, una hakika sahani ina kizazi cha mmoja tu. Sijawahi kuiruka kazi hiyo. Siku ile nilikuwa nimenuna, nikatandaza mara moja, nikaandika tatu, nikampelekea.

Baada ya wiki alikuja mezani kwangu na karatasi. Alisema kuna mahali herufi zinagongana, kana kwamba wamo wawili. Bado alikuwa kwenye miezi ya majaribio, na Mkuu alishamwambia kuwa ajira yake itategemea ripoti ya bakteria huyu.

"Dada, sahani hii ilikuwa safi?"

Ningeweza kusema ngoja nirudie. Siku nne tu. Lakini nilimtazama na koti lake jeupe lisilo na doa, nikamjibu, "Unaniuliza mimi?"

Akaomba radhi, akaenda zake. Moyoni nikasema na aanguke, naye aonje.

Hakuanguka. Herufi za wawili zilizosomwa kama za mmoja zilitoa kioja: ukoo usiofanana na wowote, tawi refu limesimama pembeni ya mti, halina ndugu. Mkuu karibu acheze. Alialika wataalamu wawili kutoka nje, akatukusanya wote ukumbini. Nilikaa nyuma kabisa nikingoja mdogo wangu aumbuke.

Mtaalamu mmoja akauliza kama ile migongano ya herufi haikuwatia hofu ya mchanganyiko. Nikajua kimenuka.

"Mimi ilinitia hofu," mdogo wangu akasema. "Nikamuuliza dada yangu, na yeye ndiye aliyesafisha. Kati ya mashine na mkono wake, naamini mkono wake."

Akaongeza kwamba amependekeza bakteria huyo apewe jina langu. Ukumbi mzima ukanigeukia na kupiga makofi. Miezi yote ile nashindana na mashine, kumbe kwake sikuwahi kushindwa. Aibu ilinipanda hadi masikioni.

"Nilitandaza mara moja," nikasema. "Imechanganyika. Nilijua."

Makofi yalikatika. Ripoti haikutumwa. Ajira alipewa, maana wataalamu walisema aliyeshuku ni yeye. Mimi nilipewa barua ya onyo, na nilistahili.

Jioni alinikuta kwenye sinki nanawa mikono. Aliniuliza kitu kimoja tu, nilijua tangu lini.

"Tangu uliponiuliza."

Alivua glavu, akazitupa, akatoka.

Hakuninunia. Bado ananiamkia kila asubuhi, bado naitwa dada. Ila sahani sasa anazitandaza mwenyewe, mara tatu, na hajaniuliza tena neno lolote la kazi. Akitoka kwenda kula huwa naziendea, nazichungulia moja moja nikitafuta kosa. Ni safi.