Alama Nyekundu

Mgongo ulikuwa unauma, macho yanawaka, na dada yangu ameniganda kama ruba kwa maswali. Nilikuwa nahariri video ya mwisho ya marehemu mama, akisimulia utoto wake. Ili nisipotee, nilikuwa nimeweka alama za rangi kwenye mstari wa video: kijani pabaki, nyekundu pakatwe.

"Mbona nyekundu zimejaa hivyo?"

"Anakohoa, dada. Kila akianza sentensi. Hebu niache nifanye kazi."

Akaegemea kiti changu. "Kwani zamani tulijuaje kwamba amefika nyumbani?"

Tulikuwa tukisikia kile kikohozi mlangoni, tunazima televisheni, tunarukia vitabu.

Nikashusha pumzi. Nikarudi mwanzo wa video, nikaanza kugeuza nyekundu kuwa kijani, moja baada ya nyingine.