Maombi ya Chifu Nyakundi

Kuliko kocha wetu mkuu kufutwa kazi, mimi nilimwogopa zaidi baba yangu akipiga magoti. Cheka ukitaka.

Kazi yangu ni kocha msaidizi wa mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mkononi na kugongana mmevaa kofia ngumu. Hapa kijijini kwetu Ekerenyo nimechoka kueleza kwamba si raga. Nilienda Amerika kucheza, goti likaharibika, nikabaki kuwafundisha wale wanene wa mstari wa mbele jinsi ya kuweka miguu. Miaka kumi na mmoja, timu nne. Tatu za kwanza niliziacha kwa njia moja: kocha mkuu anafutwa, kesho yake sisi wasaidizi tunapewa maboksi tufungashe vitu vyetu. Safari hii ni mbaya zaidi, kwa sababu kibali cha kuishi kule nimepewa kupitia timu. Kazi ikienda nina siku sitini, na mke wangu Maureen na binti yetu aliyeanza shule juzi wako kwenye karatasi hiyohiyo.

Msimu huu tulichapwa hadi aibu. Kocha mkuu akatuambia, "Nendeni mkapumzike. Mwenye timu akiamua, nitawapigia." Basi nikaja nyumbani, simu mkononi. Siku moja shangazi Gesare alipiga kuuliza kama nimekula, nikamwaga chai mapajani.

Jumamosi, sabato yetu, baba akasimama kanisani. Chifu Nyakundi alistaafu zamani, ila sauti haikustaafu. Alikuwa naibu chifu miaka tisa, kisha chifu wake akaondolewa, naye akapanda. Kwake dunia nzima imepangwa hivyo.

"Ndugu zangu," akasema, "Abner ni naibu huko Amerika. Miaka kumi na mmoja, naibu tu! Leo tumwombe Nyasae amwondoe huyo aliyemkalia juu."

"Amina!" kanisa zima likaitika.

Nikamvuta koti. "Tata, hapana! Akitoka yeye tunatoka sote!"

"Nyamaza wewe. Huo upole ndio umekuchelewesha."

Akapiga magoti, mama naye, na safu nzima nyuma yao. Waliomba mpaka machozi, wakamtaja kocha wangu kwa jina, jamani. Nikajipa moyo kwamba dua la kuku halimpati mwewe. Lakini baba yangu si kuku. Mwaka ule wa ukame aliomba mvua, ikaja na upepo, ikang'oa mabati ya kanisa hilohilo.

Njiani nilimweleza tena, taratibu, kama mtoto. Akanipiga begani. "Naibu ni naibu, hata Amerika."

Jumatatu saa kumi na moja jioni tulikuwa tumeketi uani, simu ikalia. Ni kocha mkuu. Kabla sijabonyeza, baba akabonyeza yeye na kuweka sauti juu.

"Abner, nimetolewa," kocha akasema kwa Kiingereza chake cha puani.

Kiingereza baba anakijua. Hakungoja lingine. Aliruka kama kijana, akakimbilia kwenye uzio. "Nyaboke! Ametoka! Mtoto wetu amepanda!" Mama akapiga vigelegele, Gesare akamjibu kutoka kwake ng'ambo ya majani chai.

"Na nyinyi wasaidizi wote pia," sauti ikamalizia kwenye simu. "Nisamehe, Abner. Nilijaribu."

Nilimfikiria Maureen, kwamba saa hiyo kule ni asubuhi, anamfunga mtoto viatu vya shule na hajui lolote. Nani atampigia? Niliogopa hata kuigusa ile simu.

Baba akarudi akihema, kofia yake ya uchifu imekaa upande. "Haya, kiti unakalia lini?"

"Hakuna kiti, Tata. Tumefutwa sote. Baada ya siku sitini hatuna ruhusa ya kukaa kule, mimi, Maureen na mtoto."

Kule nje vigelegele vilikuwa vinapokezana boma kwa boma, na watu walishaanza kuingia langoni wakiimba. Baba akaivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Abner," akaniuliza polepole, "maombi huwa yanarudishwaje?"