Sauti Bila Vumbi

Bamama, kama mutoto wako anakuambia kintu ya mu telefone iko mchezo tu, ikala karibu yake uangalie mpaka mwisho. Usiende kupika. Miye nilienda kupika.

Bwana yangu Jérémie iko mutu wa Butembo, anauzisha maharagi kwa jumla. Yeye alikuwa anapanda kule Kivu kununua, na mudogo wake Ephraïm anabakia hapa Lubumbashi kuchunga depo. Kazi yao iko na sheria: mufuko hautoke mu depo juu ya message ya kuandika. Kuandika, hata mwizi anajua. Mwenye mali anatuma audio, Ephraïm anasikia sauti, njo anafungua kufuli. Bachuruzi bengi ba kwao banafanya vile, sauti njo signature. Miye mutoto wa cheminot, mufanyakazi wa reli, baba yangu alitoka Mitwaba, nilisoma paka primaire, na ile sheria ilinipendeza. Maandishi inanichokesha. Lakini sauti ya bwana yangu, hapo hakuna mutu wa kunifundisha.

Audio yake unaitambua mbele hajasema neno. Vumbi ya maharagi inaingiaka mu telefone yake, kwa hiyo anapuliza kwanza, fuu, kisha njo anaanza. Batoto balikuwa banamucheka. Papa anapoza chai, banasema.

Kisha Goma, kule Kivu, ikaanguka mu mikono ya baasi. Jérémie alikuwa mule mule, alikwenda kupakiza. Alituma audio moja, tukasikia masasi ya bunduki nyuma yake kama mutu anapasua kuni, akasema atajificha kwa bandugu. Kisha kimya. Ku redio banasema banki zimefungwa, ndege hazitue, barabara zimekatika. Message zetu zote zilibakia na alama moja tu, ile alama ya pili yenye kuonyesha imefika haikuya.

Kambo Kahambu, nyanya ya batoto, mama yake Jérémie, tunaishi naye hapa mu mtaa wa Makomeno. Alikatala chakula. Bukari, ugali yetu, inapoa mbele yake, telefone iko mu mapaja. Alisema hatakula kabla mutoto wake hajasema naye. Tulimuletea uji, akageuza uso ku ukuta. Akaanza kupunguka mpaka pete ikamutoka mu kidole. Ephraïm naye akaanza kusema pole pole kama labda ingefaa kufikiria matanga. Nikamujibu, matanga bila maiti, tutalia juu ya nini.

Njo audio ikaingia mu telefone ya Kambo, kutoka numero yenye hatujue. Deborah, binti yetu wa ku université, alikuya mbio mu jikoni kuniita. Na kweli, ilikuwa sauti ya Jérémie: "Mama yangu, niko mzima. Usilie. Kula, upate nguvu, tutaonana." Kambo alikamata telefone kwa mikono mbili, akasikiliza tena na tena, kisha akaomba bukari. Ephraïm akapiga magoti palepale ku mulango. Majirani bakaya kuimba.

Miye niliimba nabo. Lakini roho ilikuwa inanikwaruza. Hakukuwa fuu. Hakukuwa pikipiki, hakukuwa upepo, mutoto wa kulia, hata jogoo. Mutu iko mu vita na anasema sawa vile iko ndani ya kabati ya nguo. Tena ile "upate nguvu," Jérémie hasemake vile kwa mama yake. Yeye angesema: Mama, kula, usitusumbue.

Ikaingia ingine, na ingine tena. Kambo akisukuma sahani, haichelewe, papa anatuma audio. Nikaanza kumuangalia Deborah. Kambo akisukuma sahani, yeye anaingia mu chumba chake, anafunga mulango. Siku moja nikaingia nyuma yake bila kubisha. Alikuwa anaandika. Alipomaliza kuandika, telefone ikasema yale maneno yake kwa sauti ya baba yake, mbele ya macho yangu.

Hakukimbia. Akanieleza kama vile mutu anaeleza namna ya kusuka nywele. Alikusanya audio zote za zamani za papa, akazipa application moja, application ikajifunza sauti. Kisha wewe unaandika, yeye inasema, na SIM mupya inatuma. Eti iko mchezo tu, benzake banafanyaka na sauti za baprofesa banacheka.

Nikamuuliza: "Deborah, baba yako amekufa ao iko mzima?"

"Sijue, Maman."

"Na hii yenye inasema iko mzima, inajua?"

"Haijue kitu. Miye njo naandika." Akaanza kulia. "Lakini Kambo anakula."

Nikaikala ku kitanda chake, na kwa uchungu nikamwambia kwa nini miye haikunidanganya: haina fuu, haina vumbi, haina kelele ya bantu. Deborah akafuta machozi, akauliza pole pole kama hizo mutu hangeweza kuongeza. Nikamukataza. Lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka mu kinywa changu, na miye nililiona likiingia mu masikio yake.

Nilimwambia Ephraïm. Aliogopa kwanza juu ya depo. Kama mutoto wa nyumba anaweza kutengeneza sauti ya mukubwa, bale ba inje benye akili mbaya batafanya nini. Akabadilisha kufuli siku ile ile. Tukakubaliana: audio yote ya Jérémie yenye itaingia, itoke numero gani, tunafuta, na ile numero tunaifunga. Kambo hatukumwambia. Deborah aliacha kutuma, na Kambo akarudilia kusukuma sahani.

Kwa hiyo mutanielewa. Wakati audio iliingia ku telefone yangu, kutoka numero ya Zambia yenye sijui, miye niliisha kuingoja. Ilianza na fuu. Nyuma yake malori yananguruma, na mwanamuke anauzisha mandazi.

"Mama Deborah, ni miye. Niko Sakania, ku bariyeri ya mupaka. Nilizungukia Tanzania na Zambia. Makaratasi yangu yote ilibakia Goma, hapa hakuna mwenye ananijua. Leteni photocopie ya carte yangu na mutu wa kunishuhudia, mbele habajanirudisha ng'ambo. Na suruali. Hii yenye niko nayo imepasuka nyuma, natembea nimegeukia ukuta."

Nilimwita Deborah. Nikamwambia, umeongeza fuu. Umeongeza mpaka mandazi. Akaapa kama si yeye, akaapa kwa Mungu na kwa baba yake. Sasa mutoto mwenye alifundisha telefone kusema uongo, kiapo chake unakiweka wapi? Nikafuta ile audio mbele yake, nikafunga ile numero. Nilifanya vile sawa mutu anafuta vumbi ku meza. Ile njo inaniogopesha mpaka leo.

Kambo alikuwa amesimama mu koridoo, anashika ukuta. Alisikia yote. Hapo njo nilimwambia ukweli, kama zile audio za kumukulisha zilitoka kwa Deborah, na hii pia. Hakulia. Alikaa chini, akasema:

"Zile zingine ziliniambia nikule. Hii haikuniuliza hata kama niko mzima. Inaomba suruali." Akaniangalia sawa mutu mwenye nilimuibia. "Germaine, fungua ile numero."

Niliifungua. Nikapiga. Akajibu shofere mumoja wa lori, alisema yeye amekwisha kurudi ng'ambo, iko karibu na Ndola. Ni kweli alimukopesha mutu telefone pale ku bariyeri, mutu mwembamba, ba mupaka banasema kesho batamurudisha kule alitokea. Hata yule shofere sikumwamini. Nilijisemea, labda naye iko ndani ya telefone. Ephraïm alikatala kwenda, alisema bezi banataka tu tuache nyumba wazi, na kwamba tukifika pale tutashuhudia kivuli. Basi akabakia kuchunga. Nikatwaa photocopie, nikatwaa suruali ya Jérémie ya kwenda kanisani, nikamukamata Deborah mukono. Telefone yake nilimwambia aiache ku meza. Yangu pia niliiacha. Nilitaka kwenda na macho tu.

Tukapanda gari ya kwenda Sakania. Lori zilikuwa zimejipanga, tulisimama sana, vumbi ikaingia mu kinywa, na miye nahesabu mu kichwa vile nitarudia nyumbani kumwambia Kambo hakukuwa mutu. Nilikuwa nimekwisha kupanga mpaka maneno.

Alikuwa pale. Ameegemea ukuta wa ofisi ya mupaka, ndevu zimemufunika, viatu vya kufungwa na kamba. Deborah alimurukia. Miye nilisimama mbali kidogo. Bantu banaangalia, banashangaa mwanamuke gani huyu.

Nikamwambia: "Sema kitu."

Akaniangalia kwanza. "Suruali iko wapi?"

Nikaenda nikamugusa uso, mabega, ile kovu ya ku kidole yenye mulango wa lori ulimukata. Tukaingia mu ofisi, nikashuhudia, bakaangalia photocopie, bakaniuliza maneno mingi juu ya ndoa yetu, bakatuachilia. Ku inje, wakati anavaa suruali nyuma ya lori, akaniuliza bila kunigeukia:

"Ulinisikia. Shofere alinionyesha alama ya kama ulinisikia. Kisha ukanifunga, ingine haikufika. Nilikukosea nini?"

Nilimueleza yote, mbele ya Deborah. Alisikiliza. Hakumupiga mutoto, hakumutukana. Alisema tu kule alipotoka aliona bantu banauawa juu ya uongo ya kinywa, hakujua kama mu nyumba yake sauti yake inaweza kutembea bila yeye.

Sasa Jérémie iko hapa. Kambo anakula na anatusumbua, asante Mungu. Ephraïm hafungui tena depo kwa audio; mukubwa anakwenda mwenyewe, mvua ao jua. Deborah alifuta ile application, nilimuona akifuta. Lakini miye sijui mashine inasahauka namna gani, na ninyi benye kusoma sana hamujaniambia.

Jana nilikuwa napika. Jérémie akaniita kutoka chumba, akaomba maji. Sauti ilikuwa yake. Niliacha bukari iungue ku moto, nikaenda kwanza kuangalia kama kuko mutu.