Daftari la Bibi Emiliana

Siku ya tatu Bibi Emiliana alipokataa kuandika jina, mlinzi Enock alimsihi sana, tena kwa heshima, maana shikamoo alishatoa. Akamweleza kuwa agizo ni la wenye nyumba: asiye na nyumba ndani ya geti ni mgeni, na mgeni asiyejiandika kitabuni hapiti.

Bibi akatua magunia yake matupu. Ng'ambo ya zile nyumba kumi na nne za vigae kulikuwa na shamba lake la alizeti, imekauka tayari kuvunwa, na ndege walikuwa wanaila. Njia ile ya shambani, iliyopita getini, aliipita tangu alipoletwa Mwankoko akiwa bibi harusi, kabla wakubwa wa Dodoma hawajaanza kununua viwanja huku wapate pa kupumzikia mwisho wa wiki.

"Mjukuu wangu," alisema, "nikiandika leo kwamba mimi ni mgeni, kesho karatasi hiyo itanishuhudia mahakamani."

Akarudi kwake, akiwasikia ndege.

Ijumaa alasiri akavaa kanga yake ya kanisani, akachukua kigoda na daftari alilolipiga mistari kwa rula: Jina. Unakotoka. Siku ya kuondoka. Barabara ya kwenda getini ilipita katikati ya ua wake; marehemu mumewe, Chediel, aliwaachia wenye nyumba bure, kwa neno la mdomo tu, akisema jirani hanyimwi njia. Bibi akaweka kigoda katikati ya barabara hiyo, akakaa.

Gari la kwanza lilikuwa la Bwana Abdulrazaki, mwenyekiti wa wenye nyumba. Akapiga honi. Bibi akainuka taratibu, akampitishia daftari dirishani. Yule bwana akauliza kama huo ni mzaha.

"Mimi naenda kwangu, bibi."

"Na mimi siku zote tatu nilikuwa naenda kwangu, baba."

Nyuma yake magari matatu yalikuwa yamekwishasimama. Kwenye kiti cha nyuma cha gari la Bwana Abdulrazaki alikaa mama yake mzazi, Bi Saada, aliyetaka kujua kuna nini. Alipoelezwa, akaegemea mbele.

"Andika, mwanangu. Kwani Jumatatu huondoki?"

Bwana Abdulrazaki akaandika: jina lake, Dodoma, Jumatatu. Akausoma ule mstari wake, akausoma tena, kalamu mkononi. Kisha akamwita Enock kutoka getini, akamwambia bibi huyu asiambiwe tena kujiandika.

Bibi hakuondoka barabarani.

"Tuko kaya sita wenye mashamba kule."

Honi ikalia huko nyuma. Bi Saada akakohoa kidogo.

"Kaya zote sita," akasema mwanawe.

Hapo ndipo Bibi Emiliana alipookota kigoda chake. Kesho yake asubuhi alipita getini na mundu na magunia, Enock akamshika mkono kumvusha mfereji. Daftari alilichukua pia, limefungwa kwenye upindo wa kanga, na kalamu ndani yake.